Vilivyokutwa Mifukoni

Kifuniko cha ule mkebe kilikuwa na ukaidi wake. Ukikifungua kilikwaruza kwanza, kisha kikatoa mlio mdogo, kama mtu anayefyonza jino. Mama Dobi aliusikia mlio huo kabla hakujapambazuka, akiwa amelala chali na macho wazi, na hakuhitaji taa kujua ni nini na kiko wapi. Mkebe ulikaa kwenye rafu ya chumba cha pasi, karibu na kopo la wanga. Kwa miaka thelathini na mmoja ulikuwa umefunguliwa mchana tu, tena kwa mkono wake mwenyewe.

Alisikia vidole vikipekua. Vifungo viligongana na funguo. Sarafu ilianguka sakafuni, ikaviringika, ikazimwa na unyayo. Nao unyayo huo aliujua tangu ulipokuwa ukijifunza kukanyaga sakafu hiyo hiyo.

Akakohoa kidogo, kile kikohozi cha kumjulisha mtu kwamba hujalala bila kumwaibisha. Vidole vikaacha kupekua. Halafu kifuniko kikarudishwa taratibu, na nyayo za mwanawe zikatoka uani.

Nyumba hiyo iliishi kwa kufua nguo za watu. Kila mteja alikuwa na alama yake, mishono michache ya uzi wa rangi iliyoshonwa ndani ya kola au kiunoni, pasipoonekana. Mama Dobi hakusoma sana, lakini uzi ulimtosha. Na kabla nguo haijaguswa na maji, mifuko ilipekuliwa. Kilichokutwa humo, hata kama ni pini, kilifungwa kwenye kitambaa na uzi wa mwenyewe, kikawekwa mkebeni, na siku ya kurudisha nguo kikarudishwa mkononi. Aliwahi kukuta barua ya mapenzi kwenye suruali ya mume wa mtu. Siku ya kuirudisha akamkuta mke mlangoni, akasema tu, "Soksi hii ya kulia, mwambie bwana aivae mwenyewe." Bwana yule hakuhama dobi maisha yake yote.

Asubuhi, mkwe wake, mke wa huyo mwanawe, alimkuta kwenye karai, mikono imezama kwenye povu.

"Mama, umesikia leo?"

"Nimesikia."

"Wiki iliyopita ilikuwa sufuria yangu. Leo ni mkebe. Kesho ataninadi mimi."

"Anaumwa, mwanangu."

"Anaumwa nini kinachofungua mikebe?"

Mama Dobi alikuwa akiitazama kamba ya ndani, kupitia mlango wa chumba cha pasi. Pale palining'inia gauni moja peke yake, la njano, lenye mifuko miwili mikubwa. Lilikuwa la binti mmoja aliyefundisha watoto wadogo. Mifuko ile alikuwa ameomba ishonwe mahususi kwa ajili ya chaki. Miezi mitatu iliyopita binti huyo alikutwa chumbani kwake amelala na haamki, na Mama Dobi ndiye aliyepeleka shuka safi la kumfunika. Watu walisema moyo. Siku hiyo alirudi na gauni lile kulifua, likabaki. Hakuna ndugu aliyekuja kulichukua, na kila Jumamosi Mama Dobi alilishusha, akalipiga pasi, akalirudisha kambani.

"Utaliweka mpaka lini?" mkwe aliwahi kuuliza.

"Mpaka mwenyewe aje," alijibu.

*

Mwanawe walimwita Pasi. Alipokuwa kijana mdogo alikuwa na uwezo wa kupiga pindo la suruali hadi ukadhani litakukata kidole. Sasa alikuwa na miaka ishirini na tisa, mashavu yameingia ndani, anajikuna shingo na pua, anasinzia wima na pasi ikiwa mkononi. Wiki hiyo alikuwa ameunguza shati la karani mmoja. Karani alilinyanyua juu mbele ya wateja wengine.

"Jamani, mwenye kusoma ramani anisaidie. Hii nchi ya mgongoni ni ipi?"

Watu walicheka. Pasi naye alicheka, bila hata pole, na hicho ndicho kilichomchoma mama yake kuliko shati lenyewe.

Siku mbili baada ya ile asubuhi ya mkebe, Mama Dobi alichukua suruali ya mwanawe kuifua pamoja na nguo za nyumbani. Akatia mkono mfukoni kwa mazoea tu. Akatoa vikaratasi saba, kila kimoja kimekunjwa kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, vimebanwa vizuri kwa nailoni.

Alivijua. Mwaka huo alikuwa amekuta kimoja kwenye suruali ya mteja mmoja mwenye uzi wa kijani, na mteja huyo alikipokea bila kukitazama. Halafu siku moja Pasi alipokuwa amelala mgonjwa, akakuta rundo zima kwenye koti la Bwana Kola. Huyu alikuwa mteja wao mkubwa, mwenye mishono miwili ya uzi mwekundu, mtu nadhifu aliyetaka kola zake zitiwe wanga mpaka zisimame zenyewe. Alipomrudishia alicheka vizuri.

"Ni poda ya kiungulia, mama. Tumbo langu ni adui yangu."

Kwa hiyo Mama Dobi aliviona vile vikaratasi saba na akaelewa, kama alivyoelewa mambo yote, kwa akili ya kazi yake. Mwanawe ameanza na mkebe, sasa ameingia kwenye mifuko ya wateja. Ameiba kitu cha Bwana Kola. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa muda mrefu. Katika miaka thelathini na mmoja hakuna mtu aliyewahi kumwambia, nimepoteza kitu kwako.

Akavua aproni. Akavifunga vikaratasi kwenye kitambaa cheupe kwa uzi mwekundu, mishono miwili. Hakumwambia mtu.

Bwana Kola alimpokea kwenye kiti cha wageni na kumletea maji kwa mkono wake mwenyewe, kwenye gilasi iliyofutwa. Mama Dobi alipiga goti kidogo wakati wa kumkabidhi.

"Baba, nimekuja kwa aibu. Hivi ni vyako. Nimevikuta kwa mwanangu. Sikumlea hivyo, na naomba umsamehe."

Bwana Kola alifungua kitambaa, akahesabu kwa ncha ya kidole.

"Saba tu, mama?"

"Saba. Naapa, mfuko nimeugeuza nje."

"Nakuamini. Mtu kama wewe siku hizi hapatikani." Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamshika kiwiko asije akajikwaa kwenye kizingiti. "Nimeshukuru sana. Sana. Umenisaidia kujua kitu."

Alirudi nyumbani moyo ukiwa mwepesi. Baadaye, ni wepesi huo ndio aliokuwa akiukumbuka.

*

Kesho yake alipeleka nguo kwa wateja wa upande wa pili wa barabara. Aliporudi, harufu ilimkuta kwenye mlango wa ua. Ya kuungua. Akasema moyoni, ameunguza tena, na akaanza kuomba isiwe ile suti ya harusi.

Haikuwa nguo. Pasi alikuwa amekaa chini ya meza ya pasi, ameukumbatia mkono wake wa kulia kama mtu anayebembeleza kitoto. Mdomo umepasuka. Nyuma ya kiganja kulikuwa na alama ya pembe tatu, ncha yake imeelekea vidoleni. Pasi yenyewe ilikuwa imerudishwa mezani, imesimamishwa wima vizuri, jinsi inavyotakiwa.

"Nani? Nani, baba yangu?"

"Mama," alisema, na meno yakigongana. "Ulizirudisha?"

"Nini?"

"Zile kete. Ulimpelekea?"

"Nilirudisha mali ya watu."

Pasi akacheka. Alicheka mpaka damu ikachuruzika kwenye kidevu, na kicheko kikageuka kuwa kilio, na mama yake akapiga magoti akamweka kichwa begani bila kujua bado analia nini.

Alimweleza akiwa hapo hapo chini ya meza. Hakuwa ameziiba. Alikuwa amepewa. Bwana Kola alileta koti, kete zikiwa mifukoni, na maagizo ya uzi gani upate ngapi. Pasi alizitoa, nguo zikafuliwa, na baada ya pasi alizitia moja moja kwenye mifuko ya nguo safi. Mama yake akazibeba kichwani kwenye bunda lililofunikwa shuka jeupe, akabisha hodi, akasalimia, akauliza watoto hawajambo. Nani atamsimamisha Mama Dobi? Malipo ya Pasi yalikuwa kete mbili kwa wiki, kisha nne, kisha akaanza kula za wateja na kudanganya kwamba zimefika. Wiki hii zilitakiwa kuwa ishirini.

"Saba tu, mama?" ilijirudia kwenye sikio lake.

"Na mimi nilikuwa nabeba," alisema.

"Hukujua."

"Nilibeba."

Kisha macho yake yakapanda peke yake mpaka kwenye kamba, kwenye gauni la njano, kwenye mifuko yake miwili mikubwa.

"Na mwalimu?" aliuliza. "Uzi wa samawati, mishono mitatu. Uliwahi kumtilia?"

Pasi alilitazama gauni.

"Sikumbuki, mama. Wallahi sikumbuki. Siku zile sikuwa najua hata nimekula. Kola ndiye aliyekuwa anataja nyuzi. Yeye ndiye anakumbuka."

*

Jirani walitoa ushauri, kwa sababu ushauri haununuliwi. Mmoja alisema afungwe kamba chumbani siku saba, atoke mtu. Mkwe aliunga mkono. Alikuwa ameshaikata kamba ya kuanikia nguo, ameikunja mkononi, na machozi yakimtoka.

"Mama, au tumfunge au mimi niondoke. Sina la tatu."

"Nipe siku moja," Mama Dobi alisema. "Niulize kwanza. Hata doa hulitibu kabla hujaulizia ni la nini."

Akaenda zahanati. Kwenye dirisha la mapokezi alikaa kijana wa kiume mwenye kalamu nyuma ya sikio.

"Mgonjwa yuko wapi?"

"Nyumbani, baba."

"Anaumwa nini?"

Mama Dobi akasogeza uso kwenye tundu la kioo na kunong'ona.

"Sema kwa sauti, mama. Hapa si matangani."

Akasema kwa sauti. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alihamisha mkoba kutoka bega hili hadi lile.

"Aa, mateja si huku," alisema yule kijana. "Peleka polisi. Anayefuata!"

Alikaa kwenye benchi. Msafishaji mmoja, mwanamume mrefu aliyevaa viatu vya mpira, alikuja na tambara na ndoo, akaanza kupiga deki mahali palipokuwa pakavu na safi kabisa.

"Nyanyua miguu kidogo, shikamoo mama," alisema, kisha bila kuinua kichwa: "Jengo la nyuma. Mlango wa kijani usio na kibao. Wapya hupokelewa Jumanne na Ijumaa, na leo ni Ijumaa. Usirudi dirishani."

"Marahaba. Umejuaje shida yangu?"

"Umeisema kwa sauti, mama." Akatabasamu kwa upande mmoja. "Na mimi mwenyewe kila siku saa moja asubuhi naingia mlango huo, nakunywa dawa yangu, ndipo nashika tambara. Mwaka wa nne huu. Twende, nitakuonyesha, nijifanye nakwenda kumwaga maji."

Nyuma ya mlango wa kijani alikuwepo muuguzi wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Alichofanya kwanza ni kuvuta kiti chake kutoka nyuma ya meza na kukiweka kando ya kile cha mgeni, magoti yakielekeana.

"Mimi si polisi," alisema muuguzi. "Unachokisema hapa hakitoki na wewe hutafungwa nacho. Niambie."

Akaambiwa. Naye akaeleza polepole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake njia ya kwenda nyumbani. Ile ni heroini. Mwili wa kijana umeizoea, na akiikosa hutetemeka, huumwa mifupa, hutapika. Wenyewe wanaita arosto. Si ukaidi, ni ugonjwa, na una tiba. Kuna dawa ya maji, methadoni, hunywewa kila siku mbele ya muuguzi, miezi na miaka. Inamtuliza mtu, akarudi kazini. Lakini lazima aje mwenyewe, kwa hiari yake.

"Jirani wanasema tumfunge."

"Msimfunge. Aliyefungwa akitoka, mwili umeshasahau kiasi, yeye bado anakikumbuka. Anatumia kile kile cha zamani. Ndipo wanapokufa." Muuguzi akaendelea. "Na ukimkuta amelala, hashtuki ukimwita, anakoroma vibaya au pumzi zinachelewa, mlaze ubavu, piga kelele, mlete hapa mbio. Usingoje aamke."

"Anayekufa hivyo anaonekanaje?"

"Kama aliyelala tu. Midomo ndiyo inakuwa ya buluu."

Mama Dobi akaiona tena ile sura ya mwalimu chini ya shuka alilompelekea. Alikuwa amedhani ni rangi ya mdomo. Alikuwa hata amefikiri, maskini, alijipamba.

"Na wewe mama," muuguzi aliuliza, "umekula leo?"

Ndipo alipolia.

*

Pasi alikubali siku ya nne, wala si kwa maneno ya mama yake. Yule msafishaji alikuja alfajiri, akakaa kwenye ndoo uani, akasema, "Mimi napita tu. Ukitaka kuongozana, sawa. Usipotaka, naomba hata chai." Siku tatu alikunywa chai peke yake. Ya nne Pasi alitoka na koti begani, akitetemeka, na mkwe akamkimbilia kumfunga vifungo kwa sababu mkono wake wa kulia ulikuwa bado na bandeji.

Wiki mbili zilipita. Alikuwa ameanza kula. Alikuwa ameanza kuuliza, "Hili la nani?" alipopewa nguo.

Kisha Bwana Kola akaja mwenyewe na koti. Alisalimia kila mtu. Alimpa pole Pasi kwa mkono, akasema vyombo vya moto ni hatari.

"Jumamosi nitalifuata, mama. Alama unaijua."

Alipoondoka, vidole vya Mama Dobi viliingia mfukoni bila kumwomba ruhusa. Kete. Alizitoa kwenye kiganja, na hapo Pasi akaziona.

Ilikuwa kana kwamba mtu amemzimia taa usoni. Akaja karibu, akasimama. Jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu.

"Mama, rudisha mfukoni. Fua koti lingine. Mimi nitajua la kufanya."

"Utafanya nini?"

"Nitazigawa, tu. Mara moja hii, aniache. Nisipozigawa ataniua, umeuona mkono wangu. Au basi..." sauti ikakatika, ikawa ya mtoto. "Nipe moja, mama. Moja nilale. Kesho nakwenda kunywa dawa, nakuahidi."

Mama Dobi alikunja ngumi. Hakukuwa na kilo moja pale, lakini mkono ulimlemea.

"Mkwe wangu," aliita. "Kaa na mumeo. Mshike mkono, usimshike kamba."

Akazirudisha kete katika koti, akalikunja likiwa chafu, akalifunga ndani ya shuka jeupe na kulitia kichwani. Kwa mara ya kwanza maishani alitoka na nguo ya mteja bila kuifua.

Kituo cha polisi kilikuwa hatua mia nane kutoka nyumbani. Nusu ya watu wa pale walikuwa wateja wake. Kaunta ilishikwa na Sajini, mtu mnene, mchangamfu.

"Mama Dobi! Leo umetuletea nini?"

Alifungua mdomo kujibu. Sajini aliinama kuchukua kalamu, na ukingo wa kola yake ukapinduka, ukaonyesha uzi wa kijani. Mshono mmoja. Ile suruali. Kile kikaratasi kimoja, kilichopokelewa bila kutazamwa.

"Nimekuja," alisema Mama Dobi, na bunda likawa jiwe kichwani mwake, "nimekuja kuuliza kama mna nguo za kufua."

"Jumatatu, mama, Jumatatu. Hilo bunda la nani?"

"La watu tu."

Akatoka. Akasimama kivulini, upande wa ukuta, na akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya: alipitisha kichwani mifuko ya kituo kizima, mtu mmoja baada ya mwingine. Huyu stakabadhi za baa. Huyu karata. Inspekta, yule mwanamke mkavu asiyejua kucheka, uzi wa zambarau: miaka kumi na mmoja, hajawahi kukuta kitu kwake ila kipande cha penseli, karatasi za pipi, na kadi ya kliniki ya mama yake mzazi iliyokunjwa mara nne.

Akamngoja mpaka adhuhuri. Inspekta alipotoka akamfuata mbio.

"Inspekta, suruali yako ya sare ina tatizo la zipu. Nikuonyeshe pembeni."

"Sina suruali kwako, mama."

"Unayo," alisema Mama Dobi, na kitu machoni pake kikamfanya yule mwanamke amfuate.

Walizungumza nyuma ya gari bovu. Alimpa koti. Akamwambia yote, hata yale ya kumfunga mwenyewe: mabunda, mishono, saba zile alizozipeleka kwa magoti.

"Ulikuwa unajua ni nini?" aliuliza Inspekta.

"Sikujua. Lakini mikono ilikuwa yangu."

Inspekta akafungua kete moja, akaikunja tena.

"Nenda nyumbani ukafue. Usimwambie mtu, hasa mtu wa humu ndani." Na baada ya hatua mbili akageuka. "Ile kadi ya mama yangu ulinirudishia imekaushwa na kupigwa pasi. Sijawahi kukushukuru."

*

Bwana Kola alikamatwa Ijumaa, siku moja kabla ya kulifuata koti lake. Nguo za Sajini ziliendelea kuja wiki tatu, na Mama Dobi akaendelea kupekua mifuko yake kwa vidole vya baridi. Kisha zikaacha kuja. Wengine walisema amehamishwa, wengine wakasema amepumzishwa. Hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza.

Nusu ya wateja walichukua nguo zao. Walikuja mmoja mmoja, wakisema wamenunua mashine, au shemeji yao amekuja kukaa nao. Katika siku hizo yule karani wa shati la ramani aliingia na magunia mawili.

"Zimerundikana," alisema, akatazama pembeni. "Na zile za ofisini nimewaambia walete huku. Pasi, mkono vipi?"

"Unapona, kaka."

"Basi shati hilo la juu usiliguse. Nina ramani ya kutosha." Wote wakacheka, na safari hii kicheko kilikuwa cha watu waliokaa pamoja.

Pasi alianguka mara moja, akatumia kete tena, siku ya thelathini na tano ya dawa. Akarudi mwenyewe mlango wa kijani, akaukuta wazi. Mkwe hakuondoka. Kamba aliyoikata aliiunga tena kwa fundo, na nguo zikaanikwa juu yake.

Lakini Mama Dobi hakulala. Alisikia kifuniko cha mkebe kila alfajiri, hata sasa ambapo hakuna aliyekigusa. Aliinuka, akaenda kwenye chumba cha pasi, akakuta mkebe umefungwa na gauni la njano likiyumba kidogo kambani, pasipo upepo. Aliwahi kutia mkono katika mifuko yake. Mlikuwa na unga wa chaki tu kwenye mishono. Alijua kwamba hilo halimwambii kitu.

Na palikuwa na mashati manne, uzi mwekundu, mishono miwili, yaliyoachwa kabla ya yote.

"Yachome," alisema mkwe.

"Nguo ni ya mtu."

"Mama! Yule alimchoma mume wangu... alimchoma mwanao kwa pasi yetu wenyewe!"

"Najua alichofanya, mwanangu. Ndiyo maana nataka kumwona."

Akayafua. Akatia wanga kola mpaka zikasimama zenyewe.

Mahabusu ilikuwa na chumba cha wageni chenye wavu katikati. Askari magereza alikunjua mashati, akageuza mifuko.

"Ni mitupu," Mama Dobi alimwambia. "Nimeshaangalia."

"Lazima nami niangalie, mama."

"Angalia, baba. Ni vizuri kuangalia."

Bwana Kola aliletwa kwenye upande wake wa wavu. Alikuwa amepungua, na shingo yake bila kola ilionekana nyembamba, kama ya mtu mwingine. Alipomwona nani amekuja alirudi nyuma nusu hatua.

"Mama Dobi. Hata ndugu zangu hawajatia mguu hapa."

"Nimekuletea mashati yako. Manne."

Aliyapokea kutoka kwa askari. Akaliinua la juu, akanusa kola, na kwa muda akasahau kuuficha uso wake.

"Unataka nini?" aliuliza.

"Kitu kimoja. Mwanangu hakumbuki. Wewe ndiye uliyekuwa unataja nyuzi." Maneno hayo alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima. "Uzi wa samawati, mishono mitatu. Nilimpelekea nguo Alhamisi. Ijumaa akakutwa. Mfukoni mlikuwa na kitu?"

Bwana Kola aliteremsha shati. Akalikunja, vibaya, akalikunjua tena. Nyuma yao wageni wengine walikuwa wakiagana, wakipigiana kelele za salamu kupitia wavu. Askari akagonga mlango kwa ufunguo: muda umekwisha.

"Pasi hajambo?" alisema.

"Hajambo. Anakunywa dawa yake. Nijibu."

Alishika wavu kwa vidole vyote kumi.

"Lile gauni la njano," alisema polepole.

Mama Dobi hakuwa ametaja gauni wala rangi. Alisimama pale, mikono yake imening'inia, mikono iliyobisha hodi Alhamisi ile na kuuliza watoto wa shule hawajambo. Askari akamshika Bwana Kola begani.

"Kuna mengine, mama," alisema huku akivutwa, mashati kifuani, sauti ikianza kukimbia. "Si huyo peke yake. Nyuzi zote nazikumbuka, nitakutajia. Wiki ijayo. Hata bila nguo. Njoo tena, mama. Utakuja? Njoo tena."